Pakiti Tatu za Mbuta Nilizotuma Sondu

Ninyi vijana mnaouza chakula kilichozibwa kwenye plastiki, naomba mnisikilize kidogo kabla hamjabandika karatasi inayosema "hakiharibiki". Mimi ni mpishi mstaafu. Nimepika majumbani mwa watu hapa Kisumu tangu nikiwa kijana wa kutoka Maragoli asiyejua kuparua samaki, mpaka magoti yalipokataa kusimama mbele ya jiko. Sina shahada. Nina kovu la mafuta kwenye mkono wa kushoto, nina daftari moja la mapishi lililolowa mchuzi, na nina hofu niliyoipata Ijumaa moja ambayo nikiikumbuka huwa namshukuru Mungu kwa sauti, hata nikiwa kwenye foleni ya benki. Watu hugeuka kunitazama, nami huwaacha wanitazame.

Lakini nianze na maikrowevu, maana ndiyo iliyokula muda wetu wote wa kuogopa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimeajiriwa mtaa wa Milimani kwa mama mmoja mwalimu wa chuo, Madam Pamela, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Mume wake alikuwa injinia wa barabara, haonekani nyumbani ila mwisho wa mwezi. Madam alirudi na masanduku mawili. Moja lilikuwa na maikrowevu. La pili lilikuwa na mashine ndogo ya kunyonya hewa kwenye mfuko wa plastiki na kuuziba mdomo. Hilo la pili hakuna aliyelijali.

Ouko, askari wa geti, ndiye aliyeanza maneno.

"Kidake, hiyo kitu inapika na nini?"

"Na mionzi."

"Mionzi gani? Kama ya eksirei?"

"Madam anasema ni kama ya redio."

"Redio haichomangi mtu. Hiyo inaivisha nyama na moto hakuna. Sasa wewe ukisimama hapo mbele, utaiva wapi kwanza?"

Nikienda soko la Kibuye kununua mboga, wauza mboga wananiambia chakula cha mashine kinapunguza damu. Kanisani mama mmoja akasema chakula kisichoona moto hakijaiva, kimedanganywa tu. Fundi redio wa mtaani kwetu alidai inapofusha, na yeye tulimwamini kwa sababu alikuwa na bisibisi nyingi. Lililonitia baridi zaidi ni lile la kwamba inamaliza wanaume. Nilikuwa nimemwoa Achieng miaka miwili, mtoto hajapatikana, na watu wa kwao Sondu walikuwa wameanza kuuliza kwa upole, ule upole wa kukosesha usingizi.

Basi nikabuni dawa yangu. Kila nikibonyeza kile kitufe, nilikuwa nashika sinia kubwa la aluminiamu mbele ya suruali, narudi kinyumenyume mpaka stoo, nasubiri kengele ilie. Nilifanya hivyo miezi mingi. Siku moja Madam akaingia jikoni bila viatu, akanikuta nimejikinga, nimefumba na macho. Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la viazi.

Alipomaliza kucheka alinieleza, na maelezo yale nawapa bure. Mlango una wavu wa vitobo vidogo, na mawimbi yale hayapiti kwenye vitobo hivyo. Ukiufungua, yanazimika hapo hapo, na hakuna kinachobaki ndani ya chakula. Cha kuogopa ni mlango uliopinda usiofunga vizuri, na chuma, na yai zima, na mfuko uliozibwa ambao hukuutoboa. Pia uogope chakula kilicho moto pembeni na baridi katikati, kwa hiyo simamisha mashine, koroga, endelea, kisha uache kitulie kidogo kabla ya kupakua.

"Na hilo sinia weka chini, Kidake. Ukiliingiza humu ndani ndiyo utaona moto."

Nikaliweka chini. Madam alipotoka nikaliokota tena.

La yai sikulisikia vizuri, au nililisikia nikaona ni kelele za wasomi. Asubuhi moja nilikuwa na haraka, nikatia mayai matatu mazima. La kwanza lilipasuka kwa kishindo, mlango ukafunguka, ute ukapanda mpaka kwenye dari. Ouko alikuja mbio na rungu lake, akanikuta nimelala kifudifudi sakafuni. Akatazama dari, akatazama mashine, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimi nilikuambia," akasema, akarudi getini kwake akiwa mtu mwenye furaha.

Halafu Achieng akapata mimba. Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Akinyi, mtoto wetu, alipofikisha wiki tatu nilimfunga kwenye blanketi, nikampeleka mpaka getini, nikamwonyesha Ouko. "Haya, angalia. Nani amemalizwa?"

Ouko alivua kofia. Akahesabu vidole vya mikono, akahesabu vya miguu. "Iko sawa," akasema. "Lakini hii ni mmoja. Tungoje ya pili."

Siku hiyo nililirudisha lile sinia kwenye kabati kwa moyo safi. Niliamini hatari imepita nyumbani kwangu.

Niwaambie kidogo juu ya aliyenifundisha kazi, kwa sababu kosa langu lilitokana na mafunzo mazuri. Mzee Odhiambo alikuwa mpishi wa hoteli moja karibu na stesheni, nami nilianza kwake kama mwosha vyombo. Alitufundisha kunusa. Maziwa unanusa, nyama unanusa, mafuta ya jana unanusa, hata kitambaa cha kufutia unanusa. Ukimuuliza kama kitu ni kizuri anakuangalia pua, si macho. Nilinusa kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote hakuna mtu aliyeugua tumbo kwa mkono wangu. Mzee yule hakuwa na kosa lolote. Alifariki kabla hajakutana na samaki asiye na hewa.

Sasa lile sanduku la pili. Madam alinifundisha kupika ndani ya mfuko, na nilipenda kuliko nilivyotarajia. Unachukua mnofu wa mbuta, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, dania. Unatia mfukoni, mashine inanyonya hewa mpaka plastiki inakumbatia nyama, kisha inaziba. Mfuko unaingia kwenye sufuria ya maji yaliyo moto lakini hayachemki, na wewe unasimama hapo na themometa, unapunguza moto, unaongeza, kama mtu anayenyonyesha. Samaki anatoka laini, ana maji yake yote. Mara ya kwanza kuonja niliona aibu kwa samaki wote niliokuwa nimewakausha tangu nianze kazi.

Baada ya hapo kulikuwa na hatua mbili. Mfuko ukitoka kwenye maji moto, unaingia moja kwa moja kwenye beseni la barafu. Ukitoka kwenye barafu, unaingia friji, na unaliwa katika siku chache. Siku ya kula unautoboa, unaupasha kwenye maikrowevu mpaka katikati kabisa. Madam alikuwa mkali sana juu ya barafu na friji. Mimi nilidhani ni maringo ya ng'ambo, kama yale ya kula saladi kabla ya chakula.

Akinyi alikuwa na miezi kumi, ameanza kula vitu laini vya kupondwa, Achieng aliposema anataka kumpeleka akaonwe na bibi yake Sondu. Wiki hiyo Madam alikuwa Nairobi kwa mkutano. Mama mkwe wangu alikuwa mjane mwenye heshima zake, mtu aliyesimama wima, na nilijua bado hajaamua kama mpishi wa kutoka Maragoli anamfaa bintiye. Nikasema safari hii nitamtumia kitu ambacho hakijawahi kuonekana upande ule.

Jumanne asubuhi nilikwenda ufuoni nikachagua mbuta mzuri, nikatoa minofu minne, nikaiziba, nikaipika kwa uangalifu wote. Stima ikapotea. Barafu hakuna, friji imeanza kuwa vuguvugu. Nikaiacha mifuko ipoe mezani, na nikajipa hoja ambayo wakati ule niliiona ya akili sana. Nyama ya mkebe inakaa dukani mwaka mzima bila friji. Kwa nini? Kwa sababu imezibwa. Na hii imezibwa. Nikaibonyeza, hakuna hata povu moja la hewa. Nikanusa. Haikunuka kitu.

Jumatano asubuhi nilifunga pakiti tatu kwa gazeti, nikazitia chini kabisa ya kikapu cha Achieng. "Usifungue mpaka ufike," nikamwambia. "Mwambie mama ni samaki wa kisasa, haharibiki." Ya nne niliiacha kwenye rafu nimwonyeshe Madam.

Madam alirudi Ijumaa saa sita. Alinywa maji, akaona rafu.

"Kidake, hii imekaa hapa tangu lini?"

"Tangu Jumanne, Madam. Lakini imezibwa. Haina hewa."

Aliweka gilasi chini. Aliniambia pole pole, kama mwalimu. Kuna vidudu ambao hawataki hewa. Ukiondoa hewa unawafukuza wale wengine wote, wale wanaonukisha, na hawa unawaachia nyumba peke yao. Maji yangu yasiyochemka hayakuwaua. Joto la mezani limewalea. Wanatengeneza sumu, na sumu hiyo inaweza isinuke, isibadilishe rangi, isibadilishe ladha. Na mkebe wa dukani unapikwa kwa joto kali lenye mgandamizo ambalo sufuria yangu haiwezi kulifikia.

"Bahati nzuri ni hii moja," akasema.

Alinitazama usoni, akaelewa. "Zingine ziko wapi?"

"Sondu. Kwa mama mkwe. Achieng yuko huko. Na mtoto."

Madam hakunikemea. Alichukua funguo za gari. Nilitoka vilevile nilivyokuwa, na aproni na ndara za jikoni. Simu ya kupiga kijijini haikuwepo, wakati ule ukitaka kujua habari ulikwenda mwenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na tulipofika Ahero maji yalikuwa yamevuka kutoka mashamba ya mpunga yakafunika barabara. Magari yamepanga foleni. Wanaume wamekunja suruali wanatembea mbele kuonyesha ukingo wa lami. Gari la Madam lilikuwa kuukuu, likazima katikati ya maji. Nikashuka nikasukuma mpaka likapata nchi kavu. Ndara zote mbili zilibaki Ahero.

Ndani ya gari nilipiga hesabu, na hesabu haikunihurumia. Walifika Jumatano mchana. Mtu akipokea zawadi ya samaki hangoji siku mbili. Basi walikula Jumatano jioni, na wa kwanza kulishwa ni Akinyi, maana mnofu ni laini na hauna mwiba. Mimi ndiye niliyetoa miiba, mmoja mmoja, kwa ajili yake. Nililia, sifichi. Nilimwambia Madam kwamba miezi yote ile niliogopa mashine, nikajikinga na sinia, na mtoto nimemuua kwa sufuria ya maji.

"Bado hujui," Madam akasema, macho barabarani. "Ukifika, mwangalie kope. Kama zinashuka. Na uone kama anameza. Kama kuna dalili tunageuza gari papo hapo tunakwenda hospitali. Dawa iko, lakini haitaki kuchelewa."

Tulifika yapata saa kumi. Nilikuwa nimetega masikio kusikia kilio, nikasikia kuku tu. Achieng alikuwa uani anapepeta wimbi, Akinyi amekaa kando yake anakula udongo. Nilimnyakua mtoto, nikamgeuza uso kwenye mwanga, nikavuta kope zake kwa kidole gumba. Akapiga kelele zilizotoa kuku uani, kisha akaniuma kidole kwa meno yake manne.

"Mmekula samaki?" nikauliza. "Achieng, mlikula yule samaki?"

Achieng hakusimama. Aliweka ungo chini. "Baba Akinyi," akasema, "umeniaibisha mbele ya mama yangu."

Mama mkwe alitokea mlangoni. Akaona mkwe wake ana matope mpaka magotini, hana viatu, amevaa aproni yenye picha ya maboga, ameshika mtoto anayelia. Mkwe huja na koti, tena hutuma habari mapema. Akajifunika leso usoni, akageuka, akarudi ndani. Sauti yake ikatoka huko huko, haikunielekea mimi, maana kwao mama mkwe na mkwe hawasemezani ana kwa ana.

"Achieng, muulize bwanako. Kichwa ya hiyo samaki alikula nani?"

Sikuelewa. Achieng ndiye aliyenieleza, kwa hasira ya sauti ya chini. Kwao samaki wa heshima huja mzima, na kichwa humwelekea unayemheshimu. Ukimtumia mama mkwe vipande visivyo na kichwa, umemwambia mmekula mkashiba, na haya ndiyo makombo. Alifungua gazeti siku ya Jumatano mbele ya mama na shangazi wawili. Vipande vitatu, kichwa hakuna, mkia hakuna, mifupa hakuna. Shangazi mmoja alisema "yaye!" kwa mshtuko. Mama akaamuru visiguswe, viwekwe juu ya kigoda kwenye kona, ndugu za marehemu mume wake waje Jumamosi waone kwa macho yao kabla ya kuniita.

Na mimi nilipaswa kuelewa, jamani. Kwetu Maragoli ukimpikia mgeni kuku akakosa firigisi kwenye sahani, anaweza kuondoka bila kuaga. Nilikuwa nimekula samaki wa watu hawa miaka yote hiyo, na sikuwahi kuuliza.

"Kwa hiyo hakuna aliyekula?" nikasema. "Hata mtoto? Hata kuonja?"

"Nani anaweza kula kitu ya kesi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye tope, Akinyi mapajani, nikacheka na kulia kwa pamoja, na sikuweza kuacha.

"Anacheka?" sauti ikauliza kutoka ndani. "Achieng, bwanako anacheka?"

Madam Pamela ndiye aliyeniokoa. Alisalimia kwa adabu zote, akasimama karibu na mlango, akaeleza kwa Kijaluo tangu mwanzo, mashine, stima, rafu, barabara ya Ahero. Akaomba pakiti ziletwe nje. Mbili zilikuwa kama nilivyozifunga. Ya tatu ilikuwa imevimba kama mto wa kulalia, na sisi tuliinyonya hewa yote. Madam alikataza isifunguliwe, akawaonyesha wote. Hata Achieng alishika mdomo. Tulichimba shimo refu nyuma ya choo, tukazizika na majivu juu yake, tukanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko.

Kisha sauti ikatoka tena ndani ya nyumba.

"Achieng, muulize. Kwa hivyo ingekuwa na kichwa, tungekula?"

"Ndiyo, mama," nikajibu mwenyewe.

"Na tungekufa?"

"Pengine, mama."

"Sasa hiyo kichwa alikula nani?"

Hapo sikuwa na nguvu za kudanganya. "Mimi mwenyewe, mama. Jumanne mchana. Niliichemsha na nyanya."

Nilimsikia akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Alicheka kwa muda mrefu, akaanza kukohoa, akacheka tena.

"Mwambie," akasema, "siku ingine alete yenye macho. Tuangaliane."

Nilipeleka wiki iliyofuata, ngege wawili wazima, samaki wenye macho yao, nimevaa koti na viatu. Kesi ya Jumamosi haikukaa.

Vijana, mashine zenu ni nzuri kuliko zetu, na sina ugomvi nazo. Zibeni, pikeni, pasheni. Lakini chakula kilichozibwa kikitoka motoni kipozeni kwa barafu na kikae kwenye baridi, na baridi ikikatika msikipe nafasi ya kujitetea, tupeni. Pua zenu ziacheni zifanye kazi ya maziwa. Mkifundishwa hatua na msielewe sababu yake, ulizeni sababu siku hiyo hiyo, kabla hamjaamua ni maringo ya mtu.

Jioni ile ya Ijumaa hawakuturuhusu kuondoka na njaa. Nilitandikiwa mkeka pembeni mwa ua, mbali na mlango, kama mkwe anavyostahili, Achieng akaniletea ugali na mboga za osuga. Tangu saa sita sikuwa nimeweka kitu mdomoni na sikuwa nimekumbuka. Akinyi alikuja akitambaa, hana kinyongo, akachota tonge kwenye sahani yangu kwa mkono wenye udongo. Nilishindwa kula. Nilikaa tu nikimtazama akitafuna, nikamtazama akimeza.